Mbwa anabaki, wewe unasafiri: kutatua matatizo ya kumpata na kumwandaa mwangalizi kijijini

Mjini ukimkosa mwangalizi mmoja, yupo mwingine mtaa wa pili, na daktari wa mifugo hayuko mbali. Kijijini nyumba zimeachana, geti pengine ni miti miwili iliyolazwa, simu inashika ukipanda mlimani, na mtu unayemfikiria ana ng'ombe wa kukamua alfajiri. Matatizo ya kumwacha mbwa huko yana sura yake, na mengi hujitokeza siku ya pili ya safari, ukiwa umeshafika mbali.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, kisha kagua visababishi kwa mpangilio wake, maana nimetanguliza kinachotokea mara nyingi. Ukae ukijua jambo moja tu: kijijini wajuzi wa wanyama ni wengi, lakini anayemjua mbwa wako ni wewe peke yako. Kwa hiyo likitokea tatizo, chunguza kwanza ulichokabidhi, halafu ndiyo umchunguze uliyemkabidhi.

Dalili: kila unayemwomba anakataa, au anasema "nitakwambia" halafu kimya

Kisababishi cha kwanza ni woga, na watu hawausemi. Mbwa huyo huyo anayelala miguuni pako ndiye anayewatoa mbio wakipita njiani. Kwao ni mbwa mkali, basi. Kuwaambia "huyu haumi" hakusaidii. Aliyewahi kuumwa huenda aliambiwa hivyo hivyo kwanza. Kinachosaidia ni kuanza wiki kadhaa kabla ya safari kumtoa mbwa kwa kamba, kupita naye mahali watu wapo, wamwone ametulia. Akizoeleka kuonekana, hata maombi yako yatasikika tofauti.

Kisababishi cha pili: umeomba kitu kisicho na mipaka. "Naomba uniangalizie mbwa" inaweza kuwa kumimina chakula asubuhi na jioni, na inaweza kuwa kulala kwako wiki mbili. Anayeombwa hajui lipi kati ya hayo, na akiuliza ataonekana mvivu, ndiyo maana anajibu "nitakwambia". Taja siku, saa, kazi na malipo kwa pumzi moja. Hasa malipo. Wewe unaona haya kutaja pesa kwa jirani, naye anaona haya kuuliza, na mazungumzo yanafia hapo hapo.

Cha tatu ni kwamba kazi imemzidi mtu mmoja. Igawe: huyu asubuhi, yule jioni. Ila kugawa kazi kunazaa tatizo jingine ambalo nimeliona mara nyingi kuliko la kukosa mtu kabisa: mbwa analishwa mara mbili, au halishwi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshafanya. Bandika karatasi juu ya chombo cha chakula, funga kalamu kwa uzi pembeni, na kila anayelisha aweke alama. Kalamu isipofungwa itaondoka siku ya kwanza.

Cha nne, ana mbwa wake au ana kuku, na umemwomba mbwa akae kwake. Badilisha ombi: mbwa abaki kwako, yeye aje. Mbwa wengi hutulia zaidi kwenye uwanja wanaoujua kuliko ugenini, hata kama saa nyingi watakuwa peke yao.

Kuhusu wa kumwomba, nina msimamo. Watu hukimbilia kutafuta "mpenda mbwa". Mimi ningetafuta mtu wa ratiba: anayekamua, anayefuga kuku wa mayai, anayemwagilia bustani saa ile ile kila siku. Mpenda mbwa atampa vipande vya ziada, atamfungulia "akimbie kidogo," na dawa chungu ataiahirisha kwa huruma. Mtu wa ratiba pengine hatambembeleza, lakini saa 12 asubuhi atakuwa pale. Ukitaka majina, muulize mtaalamu wa mifugo anayezunguka eneo lenu. Yeye huingia kwenye nyua nyingi. Anajua maji ya nani ni masafi na wanyama wa nani wamejaa kupe. Mtoto asipewe kazi hii peke yake, hata awe mwerevu vipi. Anaweza kumsaidia mtu mzima, lakini siku mbwa akipigana au akichomoka, uamuzi usimwangukie yeye.

Ukikosa kabisa, zinabaki nyumba za kulelea mbwa mjini. Nyingi hudai kadi ya chanjo, na baadhi huongeza chanjo ya kikohozi cha mbwa kwa sababu wanyama wengi hukaa pamoja. Chanjo huhitaji muda kabla haijaanza kukinga, kwa hiyo hilo si jambo la wiki ya safari.

Dalili: amekubali haraka mno

Asiyeuliza swali hata moja hajaielewa kazi. Muulize wewe: akikataa kula utafanya nini? Akichomoka getini? Wewe mwenyewe ukiugua, nani atakuja badala yako? Huhitaji majibu sahihi, unahitaji kuona mtu anafikiri. "Usijali" mara tatu mfululizo ni sababu ya kuendelea kutafuta.

Kama ana mbwa wake, nenda umwone. Usimtazame unene tu. Ingiza vidole chini ya mkanda wa shingoni: manyoya yakiwa yamenyonyoka na ngozi ina jeraha la duara, mkanda haujawahi kulegezwa tangu mbwa alipokuwa mdogo. Angalia na bakuli la maji. Utelezi wa kijani ndani yake unakwambia mambo ambayo mwenyewe hatakwambia.

Dalili: mbwa anamkatalia mwangalizi, anabweka, ananguruma au anajificha

Mara nyingi mnakutana mahali pabaya. Getini ndipo mbwa anapojiona ana kazi ya kulinda, na mgeni anayeingia moja kwa moja ndiye anayelindwa dhidi yake. Wakutanishe nje kwanza, njiani au uwanja usio wa mtu, mbwa akiwa kwenye kamba. Tembeeni wote watatu upande mmoja, mwangalizi akiwa hatua kadhaa pembeni, bila kumwita wala kumnyooshea mkono. Baada ya mwendo huo ndipo muingie nyumbani pamoja.

Kisababishi kingine ni namna mtu anavyomkaribia. Wengi huinama juu ya mbwa, wanamtazama machoni na kumpapasa kichwani. Kwa mbwa mwenye hofu hayo yote ni vitisho. Mwelekeze mwangalizi achuchumae, ageuze ubavu, macho yaangalie kando, kisha arushe kipande cha chakula kipite nyuma ya mbwa badala ya kukiweka mkononi. Mbwa anageuka, anakifuata, anakula mbali, na anarudi mwenyewe akiwa hajalazimishwa. Kirushwe tena, na tena. Atakapoanza kurudi karibu zaidi na mwili wake umelegea, mkono unaweza kushushwa ubavuni aunuse. Ukiona mwili umekakamaa, mdomo umefungwa ghafla, weupe wa jicho unaonekana pembeni au mkia umeingia katikati ya miguu, rudini nyuma hatua moja. Mngurumo usimwadhibie. Ni onyo, na mbwa aliyekatazwa kuonya hufika kwenye meno bila taarifa.

Baada ya hapo mwangalizi amlishe wewe ukiwepo, halafu amlishe wewe ukiwa umetoka, halafu mlale usiku mmoja mbwa akiwa mikononi mwake na wewe ukiwa mahali unapoweza kurudi. Usiruke hatua ya usiku. Wapo mbwa wanaomkubali mtu mchana kutwa na kumzuia asipite mlangoni giza likiingia.

Akiuma wakati wa majaribio, simamisha mpango. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kisha mtu aende kituo cha afya hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu siku zote huua, ilhali matibabu yakiwahiwa huzuia. Hii ndiyo sababu kadi ya chanjo ya mbwa haiwi kwenye begi lako la safari. Inabaki na mwangalizi. Mbwa huchanjwa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, halafu kila mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea chanjo na sheria ya nchi. Kama tarehe ya kurudia inaangukia ndani ya safari, achanjwe kabla.

Dalili: ukiwepo mambo ni shwari, ukiondoka anaharibu

Tofautisha mambo mawili. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: anabweka au kulia mfululizo, anahema, anadondosha mate, anakwaruza mlango uliotokea wewe. Mbwa aliyechoka kwa kukosa shughuli hukaa kimya kwanza, kisha anatafuna chochote kinachotafunika popote kilipo. Weka simu irekodi, toka, rudi utazame. Mahali pa uharibifu panasema mengi: fremu ya mlango na dirisha huashiria hofu, viatu na mito huashiria uchovu wa kukaa.

Mchovu ni kazi rahisi. Mwangalizi amtembeze asubuhi kabla ya kumlisha, amwachie mfupa wa kuchezea au chakula kilichofichwa mahali pa kukitafuta. Mwenye hofu hatibiwi kwa kumwagilia mazoezi wiki ya mwisho. Anza kuondoka kwa dakika chache, urudi kabla hajaanza kulia, uongeze kidogo kidogo. Kama hata dakika kumi zinamshinda na safari iko karibu, mbwa huyo anahitaji mtu wa kulala naye, si wa kupita asubuhi na jioni. Mpango mwingine wowote utaishia kwa mbwa aliyevunja kucha mlangoni.

Dalili: umeshaondoka, mwangalizi anasema mbwa hali chakula

Usianze na hofu. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kususa mlo mmoja au miwili kwa sababu tu mwenye nyumba hayupo. Muulize mwangalizi haya, kwa mpangilio huu.

Anakunywa maji? Mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Asiyekula lakini anakunywa na anainuka kumpokea mwangalizi anaweza kusubiriwa. Asiyekula wala kunywa asisubiriwe.

Bakuli liko wapi? Watu hulisogeza wapate nafasi ya kufagia, na mbwa anajikuta anakulia mahali kuku wanapita au watu wanakatiza. Lirudishwe pale pale, chakula kiwekwe, mwangalizi aondoke. Kumsimamia mbwa huku ukimwambia "kula basi" kunamtia mashaka zaidi. Baada ya dakika kama ishirini bakuli lichukuliwe, lije tena mlo unaofuata.

Nani mwingine anamlisha? Kijijini swali hili lina uzito wa pekee. Mbwa anayezurura huenda anashiba nyumba ya tatu, na anayeripotiwa kuwa hali ndiye aliyevimba tumbo kwa mabaki ya watu. Mwangalizi aulize majirani kabla ya kukupigia.

Fizi zina rangi gani? Mfundishe hili kabla hujaondoka, kwa mikono yake. Inua mdomo wa juu pembeni, bonyeza fizi kwa kidole hadi pawe peupe, achia: rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka, za manjano, au zilizo nyekundu kama tofali zinahitaji mtaalamu siku hiyo hiyo. Mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili mtafutie sehemu isiyo na rangi hiyo, au utando wa ndani wa kope la chini.

Zikipita saa 24 mbwa mzima hajala chochote, mtaalamu wa mifugo apigiwe. Mtoto wa mbwa asisubiriwe muda huo. Nusu siku inatosha kumshusha nguvu.

Dalili: anaharisha

Angalia kama chakula kimebadilika. Hutokea hivi: uliacha chakula cha siku kumi, ukarudi siku ya kumi na tatu, na siku tatu za mwisho mwangalizi alimpa alichokuwa nacho. Kubadilisha chakula kunahitaji wiki nzima ya kuchanganya kidogo kidogo. Acha kinachozidi siku zako kwa robo, kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, pamoja na kikombe cha kupimia. Usiseme "vikombe viwili". Kila nyumba ina kikombe chake. Acha kikombe chenyewe, na mstari uliochorwa.

Ikiwa ni mtoto wa mbwa au asiyechanjwa, anatapika na kuharisha damu yenye harufu kali, hiyo huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi, na inaua haraka kwa kuwa inamkausha maji. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mwangalizi mwenye mbwa aliyewahi kufa hivyo uwanjani kwake asipokee mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo, hata kama yalipita siku nyingi.

Dalili: mbwa ametoroka

Hili ndilo tatizo kubwa la kijijini, na karibu kila mara lina mlango wake. Zunguka uwanja na mwangalizi kabla ya safari, mshuke hadi urefu wa mbwa. Pengo chini ya ua ambalo wewe hulioni ukiwa umesimama, yeye analijua. Geti ambalo wewe unalifunga kwa kulinyanyua kidogo kisha kulisukuma, mgeni ataliacha likiwa limeegemea tu. Mwonyeshe, halafu alifunge yeye mara kadhaa ukitazama.

Mkanda uliolegea ni kisababishi cha pili. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na shingo, visizidi. Mbwa mwenye kichwa chembamba anachomoka kinyumenyume hata kwenye mkanda mzuri, kwa hiyo avalishwe mkanda wa kifuani.

Jike aliye kwenye joto ni habari nyingine. Majike wengi huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, na hali hudumu wiki tatu hivi. Atatoroka yeye au madume watabomoa ua kumfuata. Kama tarehe zinagongana na safari, mwambie mwangalizi wazi, na jike alale ndani ya nyumba. Uzio wa miti hautoshi.

Radi na fataki huwatoa hata mbwa watulivu. Na mbwa aliyehamishiwa kwa mwangalizi mara nyingi hutoroka kurudi kwake, hivyo pa kwanza pa kutazama ni nyumbani kwako. Mtu awepo pale, maji na nguo yako uliyoivaa bila kufuliwa viwekwe mlangoni.

Wakati wa kumtafuta, mwangalizi asimkimbilie. Mbwa mwenye hofu anayefukuzwa huongeza mwendo na kupotea zaidi. Akionekana, mtu akae chini, ageuze ubavu, arushe chakula kama alivyofanya siku za kufahamiana. Taarifa iwafikie mapema wachungaji, wanaochota maji na waendesha pikipiki. Hao ndio macho ya kijiji. Picha za mbwa ziwe kwenye simu ya mwangalizi tangu mwanzo, za ubavu wote na uso.

Namba iliyo kwenye kidani cha mkanda iwe ya mwangalizi, siyo yako tu. Anayemwokota mbwa akakupigia wewe uliye nchi nyingine, au ambaye simu yako imezimwa safarini, hajasaidiwa. Chipu ya chini ya ngozi, yenye tarakimu 15 kwa kiwango cha kimataifa, inafaa, lakini inasomwa kwa mashine tu na haionyeshi mbwa alipo. Mchungaji hana mashine hiyo.

Dalili: amewafukuza mbuzi, ameua kuku

Mbwa hajabadilika tabia. Kilichobadilika ni nani anamzuia. Huenda wewe humfungulia mifugo ikishaondoka malishoni, na jambo hilo umelifanya miaka mingi bila kulitamka hata mara moja. Liandike. Mbwa mwenye historia ya kufukuza asitembezwe bila kamba, hata "hapo karibu tu."

Sheria za nchi nyingi humbebesha mwenye mbwa hasara hiyo. Kijijini jambo hupimwa pia kwa uhusiano, na mwangalizi ndiye atakayekutana na mwenye kuku kila siku. Mkubaliane kabla: akiharibu, mwangalizi alipe papo hapo kwa fedha uliyomwachia, hadi kiasi fulani, bila kungoja simu yako. Ikizidi hapo, mwenye mali aambiwe utazungumza naye siku fulani.

Dalili: simu haishiki, hujui kinachoendelea

Hapa kosa la kawaida ni kupanga kana kwamba mtandao upo. Panga kana kwamba haupo. Chagueni saa moja kwa siku ambayo mwangalizi anapita mahali panaposhika, atume ujumbe mfupi hata wa maneno mawili: "Amekula, mzima." Chagueni na mtu wa tatu aliye mahali penye mtandao mzuri. Ujumbe ukikosekana siku mbili, huyo ndiye anayekwenda kuangalia. Salio la simu lilipie wewe.

Muhimu kuliko mawasiliano ni ruhusa. Mwachie mwangalizi barua fupi yenye jina lako na sahihi, inayosema anaweza kumpeleka mbwa kwa matibabu, mpaka gharama gani aamue mwenyewe, na ikiwa mbwa hawezi kuokolewa na anateseka, nani aamue. Aya hiyo ya mwisho watu huiruka. Iandike. Mtaalamu wa mifugo aione kabla ya safari, na mpatane nani atatoa usafiri usiku, maana pikipiki haimbebi mbwa wa kilo 40 asiyeweza kusimama.

Dalili: dozi zinarukwa

Pima ugumu wa dawa kwa mwangalizi mwenyewe kuitoa mara kadhaa ukiwepo. Tenganisha vidonge kwa siku, kila bahasha na tarehe yake. Bahasha iliyobaki itaonyesha siku iliyorukwa bila mtu kuulizwa kwa ukali. Dawa ya kifafa isikatizwe, kwani kuikosa ghafla kunaweza kuleta degedege. Insulini ni ngumu zaidi: mbwa asiyekula asipewe dozi kamili kabla ya kumuuliza daktari. Kama mwangalizi haiwezi kazi hiyo na hakuna mwingine, safari ya mbwa huyo ni kwenda kwa daktari, si kubaki nyumbani. Na dawa za maumivu za binadamu zisitolewe kabisa, hata nusu kidonge.

Dalili ambazo hazingoji simu yako

Haya yawe kwenye karatasi kubwa ukutani, kwa herufi zinazosomeka kwa mwanga wa taa:

- Tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hasa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Tumbo huenda limejisokota; huua ndani ya saa chache.
- Anahema kupita kiasi, anayumba, mwili unaungua. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi; likifika 41 ni hatari kubwa. Kivulini, maji ya baridi ya kawaida mwilini, upepo, na safari ianze.
- Ameumwa na nyoka. Abebwe, asitembezwe. Usikate, usifyonze, usifunge kamba.
- Mate mengi, misuli inacheza, anatapika baada ya kuwa karibu na dawa ya wadudu au ya kuogeshea mifugo. Kopo la dawa lipelekwe pamoja naye. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa kitu.
- Degedege inayopita dakika tano, au inayorudi kabla hajazinduka. Mkono usiingie mdomoni.
- Tabia imegeuka ghafla, anashindwa kumeza, mate yanamtoka. Asishikwe na mtu. Afungiwe, watu wakae mbali, mamlaka ya mifugo iarifiwe.

Ongeza na vile asivyotakiwa kula: chokoleti, zabibu, vitunguu, na vitu vitamu visivyo na sukari vyenye ksailitoli (xylitol, kitamu kinachowekwa badala ya sukari).

Dalili: umerudi, mbwa yuko tofauti

Amekonda au amenenepa kidogo, analala sana, anakufuata hadi chooni: haya huisha yenyewe ndani ya siku chache. Mpapase mwili mzima usiku huo huo, ndani ya masikio, kwapani na kati ya vidole, utoe kupe kwa koleo dogo ukivuta taratibu karibu na ngozi. Homa, fizi zilizopauka au mkojo wa rangi ya kahawia katika wiki zinazofuata vinaweza kuwa ugonjwa wa kupe.

Muulize mwangalizi pia kama kuna mtu aliyetega sumu ya panya ghalani wakati haupo, na uulize bila lawama ili ujibiwe ukweli. Sumu nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda, na dalili huja kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano: uchovu, fizi nyeupe, kikohozi, damu puani. Mbwa anayeonekana mzima siku ya kurudi kwako anaweza kuwa ameshaila. Ikiwa ipo, nenda kwa daktari kabla ya dalili, maana vitamini K1 inayotolewa mapema humwokoa.

Mlipe mwangalizi siku hiyo hiyo, kabla hamjaanza kuhesabu makosa. Halafu kaeni na ile karatasi ya ukutani, akuonyeshe mistari ambayo hakuielewa na mambo aliyolazimika kubahatisha. Yaandike upya kwa maneno yake, kwa sababu safari ijayo huenda atakayeyasoma ni mtu mwingine.